Kidole Chini ya Sahani

Kutoka barabara kubwa mpaka nyumba za Bagira kuna mikaratusi saba kando ya njia, na Papa Adalbert alikuwa karibu kuhamia kwenye ule wa tatu. Nyumba yake ilikuwa juu kabisa, ya bati, mlango wa buluu. Lakini kila alasiri akirudi kutoka soko la Kadutu, alikotengeneza mizani, au balansi kama walivyoziita huko, miguu ilimfikisha kwenye mkaratusi wa tatu tu, halafu basi, imekwisha. Hapo kulikuwa na jiwe bapa. Aliketi juu yake, sanduku lake la mawe ya mizani katikati ya magoti, mkono umebana kifua, akangoja binti yake ateremke kumchukua kama watu wanavyokwenda kuchukua kifurushi posta.

Siku ile, mwezi wa tano wa mwaka sabini na nane, mama mmoja alimpita akipanda, mkungu mzima wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni, wala hata hahemi.

"Papa wa balansi, leo tena?" akasema bila kugeuka, maana mwenye mkungu kichwani hageuki. "Ile jiwe itatoboka!"

"Pita, maman. Mulima si ya baba yako."

"Si ya baba yangu, lakini mi naipanda."

Mtoto mgongoni akamkodolea macho Adalbert mpaka kwenye kona. Hilo ndilo lilimuuma. Maneno ya mama yule aliweza kuyajibu, lakini mtoto wa miezi minane utamjibu nini?

Moyo ulikuwa unakimbia. Aliusikia masikioni, kooni, hata kwenye meno. Vidole vilikufa ganzi. Mbele yake, hatua kama arobaini, ulisimama mkaratusi wa nne, mti kama miti mingine, magome yananing'inia. Chini ya mti ule, miezi kumi nyuma, mke wake Domitille alitua mzigo wa unga, akakaa chini, akasema, "Adalbert, moyo yangu iko nakimbia." Hakuinuka tena. Jirani alishuka mbio kuita gari la wagonjwa. Gari halikuja. Lilikuwa limekwenda kubeba viti vya sherehe ya mkubwa mmoja aliyekuwa na hamu ya kuchezewa ngoma na kupigiwa makofi. Viti vilifika salama, hata kimoja hakikukwaruzwa.

Colette akateremka, vumbi la chaki bado kwenye vidole. Alikuwa akifundisha darasa la pili, na tangu msiba alikuwa anaondoka shuleni kabla ya wenzake.

"Papa, nipe sanduku."

"Sanduku naiweza. Ni kujibeba mi mwenyewe njo inanishinda."

Akampa mkono. Adalbert akaushika kwa nguvu zote, akatia kipande cha sukari mdomoni, akafumba macho, wakapita mkaratusi wa nne kama watu wanaopita mbwa mkali. Hakuyafumbua mpaka wa tano.

"Nilimwambia Firmin angoje mwaka mwingine," Colette akasema hapo.

Adalbert akasimama. Harusi ilikuwa imepangwa Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Wazee wa upande wa Firmin kutoka Nyalukemba walikuwa wamekwisha kuja, ng'ombe walikwisha kutolewa, pombe ilikwisha kunywewa.

"Juu ya nini, mutoto yangu?"

"Juu ya hii." Akauinua mkono ambao baba yake alikuwa ameung'ang'ania. "Nikiwa Nyalukemba, ni nani atashuka hapa kila saa kumi?"

Adalbert akalegeza vidole. Alitazama mkono wa binti yake, akaona alama nne nyekundu za vidole vyake mwenyewe.

Nyumbani walimkuta shemeji yake, Jean-Baptiste, kaka ya marehemu, amekaa kwenye kiti pekee chenye mgongo. Dada yake alimwita Jean-Baptiste mpaka siku ya mwisho. Lakini tangu amri ya kuacha majina ya kizungu ilipotoka, yeye alitaka aitwe Citoyen Birindwa, yaani Mwananchi Birindwa, hata na watoto, hata na mbuzi kama mbuzi angekuwa na sauti. Alivaa abakosti iliyofungwa mpaka kidevuni. Wakubwa walikataza tai wakisema inakaba shingo za watu weusi, halafu wakaleta vazi linalokaba zaidi.

"Harusi hapana kuahirishwa," akasema, maana alikuwa amekwisha kupata habari. "Batu ba Nyalukemba batasema tunabachezea. Mi ni mujomba. Nitamuingiza mutoto mu kanisa. Weye, shemeji, utabaki hapa. Tutakutumia nyama na ka chupa."

"Mi ni baba yake."

"Nani amekataa? Lakini njia ya kanisa unaijua. Imekatika tangu Pasaka. Batu bote banapanda na miguu, ngazi ya udongo mia moja na kitu. Utakufa katikati, utatuaribia siku."

"Na weye utapandaje?"

"Mi nitapita ngambo ya nyuma, na Land Rover ya service, ya ofisi yangu."

Ni kweli njia ile ilikuwa imekatika. Wakubwa walikuja wakaitazama, wakapigwa picha mbele ya shimo, wakaenda. Shimo likabaki, na picha sijui iko wapi. Adalbert alitaka kuyasema hayo, lakini Birindwa alikuwa amekwisha kumgeukia Colette kumuuliza rangi ya maua.

&nbsp;

Siku ya tatu Adalbert aliitwa dispanseri, si kwa ajili ya ugonjwa, kwa ajili ya kazi. Mizani ya kupimia watoto wachanga ilikuwa imeharibika. Dispanseri ilikuwa chini, karibu na barabara kubwa, basi akaenda.

"Batoto ba Bagira bote banenepa kwa siku moja," Maman Virginie, muuguzi mkuu, akamwambia. Alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. "Nilikuwa karibu kuandikia Kinshasa kama njaa imeisha."

Adalbert akatundika jiwe lake la kilo tano. Sindano ikasema kilo sita na nusu. Akatundika la kilo moja. Kilo mbili na kitu. Akaufungua mgongo wa mizani, akatazama resori, ule waya uliojikunja ndani, unaovutika na kurudi.

"Ni nani alininginiza kitu nzito hapa?"

Virginie akacheka kwa aibu. "Sentinelle, mulinzi wa hapa. Alitaka kujua kama balimuibia ku gunia yake ya sementi."

"Basi njo ile. Hii inabeba kilo kumi na tano. Ilibeba gunia siku moja, resori ikavutika, haikurudi. Tangu pale, hata ukiiwekea unyoya, itakwambia ni muzigo. Haina uongo wa makusudi. Inasema vile inasikia."

Virginie akavua miwani. Alimtazama Adalbert muda mrefu, mpaka Adalbert akadhani ana uchafu usoni.

"Na weye, Papa Adalbert," akasema polepole, "siku ile chini ya muti, ulininginizwa kilo ngapi?"

Adalbert akashika bisibisi yake, akaanza kulegeza skrubu ya mizani.

"Docteur alisikiliza moyo yako mara mbili. Alikupandisha ngazi za hapa, akakusikiliza tena. Moyo ni muzima. Lakini weye ikikimbia kidogo juu ya mulima, resori yako inakwambia: hii ni kifo."

"Na Domitille? Yeye pia balisema ni muzima?"

"Domitille ni nani alimusikiliza? Ni docteur gani?"

Adalbert akafikiri. "Hakuna."

"Hakuna. Alikuwa anavimba miguu miezi mingapi?"

"Mitatu."

"Na weye, miguu yako?"

Akaitazama miguu yake, mikavu kama kuni. "Sawa. Lakini maman, sikia. Balichukua gari kubeba viti. Leo unaniambia ni kichwa yangu njo mugonjwa? Kosa inakuwa yangu?"

"Ngoja. Ile ya gari, weka ku balansi. Kwa kumi, unaiamini kilo ngapi?"

"Kumi. Haikuja, niliona mwenyewe. Dereva mwenyewe alikuja ku kilio, akasema alibeba viti."

"Mi pia naipima kumi. Hiyo inabaki, hakuna mutu atakunyanganya. Sasa weka hii ingine: 'Nikifika muti wa nne bila Colette, moyo itapasuka.' Kilo ngapi?"

"Tisa."

"Uliiona?"

"Nimeisikia."

"Njo pale." Akachukua kaye, daftari la shule, kutoka kwenye droo, akachora mistari miwili ya kushuka. "Nilifanya stage, mafunzo ya kazi, Kinshasa, kulikuwa docteur moja wa mambo ya kichwa. Alisema, wazo ikikuja ni kama mutu analeta habari. Usimufukuze, usimuitikie mbio. Muulize: uliona, ao umesikia tu? Kabla ya kupanda, andika habari gani moyo inakuletea, na uzito yake. Ukimaliza, andika nini ilifika kweli. Basi. Weye unapima balansi za Kadutu yote, utashindwa kupima hii?"

Adalbert alikuwa na miaka mitatu tu ya shule, kwa mapadri, na alijua zaidi kuandika tarakimu kuliko maneno. Akaikunja kaye, akaitia kwenye sanduku pamoja na mawe. Mizani ya watoto akaitilia resori mpya, na mtoto wa kwanza kupimwa, aliyekuwa na sifa ya unene Bagira nzima, akarudi kuwa mtoto wa kawaida. Mama yake alikasirika sana.

&nbsp;

Kwa wiki tatu kaye ilikuwa ikijaa. Juma la kwanza alipita mkaratusi wa nne ameshika mkono wa Colette, lakini macho wazi. *Nitaanguka. 9. Sikuanguka.* Juma la pili Colette alitembea pembeni bila kushikwa. *Nitaanguka. 8. Sikuanguka, jasho.* Juma la tatu alitembea nyuma yake hatua kumi, akihesabu kwa sauti kama anafundisha darasa la pili.

Lakini uzito ulikataa kushuka chini ya nane. Virginie akauliza kwa nini.

"Sikufa sababu Colette alikuwa karibu," Adalbert akasema. "Na sukari."

"Sukari gani?"

Akatoa kipande mfukoni, kimefungwa kwenye karatasi. Virginie akakitazama, akacheka, akamrudishia. Labda alijua kuna vitu mtu anapaswa kuvikuta mwenyewe njiani.

Akavikuta kwa Aloys. Aloys alikuwa mnunuzi wa kahawa pale Kadutu, mtu mwembamba, mwenye haraka, aliyetundika mizani yake ya sahani mlangoni pa depo. Asubuhi hiyo mkulima mmoja kutoka Mwenga alikuwa amemshika ukosi.

"Nyumbani ilikuwa kilo kumi na mbili! Hapa imekuwa kumi na moja! Moja imekufa njiani?"

"Muite Papa Adalbert!" Aloys akapiga kelele. "Muite mwenye balansi, apime, aibu ikurudilie!"

Mizani ilikuwa na muhuri mpya wa ofisi ya vipimo. Muhuri haukumwambia Adalbert kitu. Wale watu walikuwa wanakuja mara moja kwa mwaka, wanagonga bila kutazama sindano, wanakula brosheti za nyama, wanaondoka. Akaweka jiwe lake la kilo kumi. Sindano ikasimama kwenye kumi barabara.

"Munaona?" Aloys akasema.

"Tazama mukono yake akipima kahawa," mkulima akasema. "Si balansi. Mukono."

Aloys akaweka gunia, na kama kawaida yake, kidole cha shahada kikaenda kugusa chini ya sahani. Sindano ikasema kumi na moja.

"Toa kidole," Adalbert akasema.

"Niko naishika tu isianguke! Sahani inacheza. Kahawa ikimwagika, ni nani ataokota?"

"Tangu mwaka gani unaishika?"

"Tangu niliinunua."

"Ilianguka siku moja?"

"Itaangukaje na mi naishika?"

Watu wakacheka. Adalbert hakucheka. Alimtazama Aloys usoni, akaona jambo la ajabu: mtu huyu hakuwa mwizi kamili. Faida alikuwa anaila, ndiyo, lakini hofu yake pia ilikuwa ya kweli. Alikuwa anaamini kabisa kwamba kidole kile ndicho kinachozuia sahani isidondoke, na kwa kuwa hakuwahi kukitoa, hakuna siku ambayo sahani ilipata nafasi ya kumkatalia.

"Toa, tuone. Ikianguka, mi njo nitaokota, punje kwa punje."

Aloys akatoa kidole kama mtu anayetoa mkono mdomoni mwa nyoka. Sahani ikayumba. Sindano ikaruka mpaka kumi na tano, ikarudi nane, ikapanda, ikashuka. Aloys akanyoosha mkono. "Wacha!" Adalbert akasema. Wote wakatazama. Sindano ikacheza, ikacheza kidogo, ikacheza kidogo zaidi, kisha ikatulia yenyewe bila mtu kuigusa. Kumi na mbili.

"Eee!" mkulima akapiga makofi. "Kilo yangu imefufuka!"

Adalbert alisahau kudai malipo. Alikwenda nyuma ya depo, akasimama peke yake karibu na magunia matupu, akatoa sukari mfukoni. Akaitazama. Halafu akaitupia kuku.

&nbsp;

"Kesho usishuke," akamwambia Colette jioni ile wakila fufu na samaki.

"Papa?"

"Ubaki ku shule kama benzako. Ukishuka nitakasirika."

"Na ukianguka?"

"Basi utajua, sababu batu batapiga kelele. Bagira haijui kunyamaza."

Kesho yake, saa kumi, alisimama kwenye mkaratusi wa tatu bila kukaa. Akaandika, kaye juu ya sanduku: *Nitakufa ku muti wa ine. 9.* Hakutaka kujidanganya na kuandika saba.

Akaenda. Hatua kumi, moyo ukaanza. Hatua ishirini, ukawa masikioni. Miguu ikasema rudi kwenye jiwe. Jiwe lilikuwa nyuma tu, lina joto la jua, linamwita kabisa. Hatua thelathini, vidole vikafa ganzi. Akafika mkaratusi wa nne, akafanya lile ambalo hakuna mtu aliyemwamuru: akasimama. Akatua sanduku chini, mahali pale pale Domitille alipotua unga, akaachia mikono yote miwili.

Moyo ukapanda kama ile sindano. Kumi na tano. Jasho likamwingia machoni. Akataka kushika mti, akakumbuka kidole, akarudisha mkono. Akangoja. Mwanamke mmoja akapita na maharagwe, akamsalimu, akaitika kwa sauti isiyo yake. Akangoja tena. Jani likaanguka. Na polepole, bila sukari, bila Colette, bila mtu kuugusa, moyo ukapungua, ukapungua zaidi, ukarudi kuwa kitu kinachopiga kazi yake ndani bila kusumbua watu.

Hapo ndipo alipolia. Miezi kumi na moja alikuwa akipita pale macho yamefumbwa, hakuwahi kumlilia mke wake mahali alipomwacha. Alilia vizuri, kama mtu anayekula alipokuwa na njaa, halafu akapenga kamasi, akaokota biki yake ya kuandikia.

*Sikufa. Nimelia. 5.*

Si kila siku ilikwenda hivyo. Kuna siku ya mvua alirudi kwenye jiwe akakaa saa nzima, amelowa kama kuku, na yule mama wa ndizi akapita akasema, "Nilijua utarudilia bibi yako," akimaanisha jiwe. Aliandika hiyo pia. *Nimekaa. Nimeshindwa leo.* Virginie aliposoma, akachukua biki, akapiga mstari chini ya neno la mwisho. "Leo," akasema. "Umeandika muzuri." Kesho yake akapanda tena. Nne. Tatu. Ikafika siku alipita mkaratusi wa nne akifikiria bei ya mafuta ya mawese, akashtuka yuko wa sita.

Ni Colette aliyekuwa hajui la kufanya na saa kumi zake. Mara ya kwanza alipofika nyumbani akamkuta baba yake amekwisha kuwasha makaa, alisimama mlangoni kama mgeni.

"Mwambie Firmin asingoje," Adalbert akasema, akipuliza moto.

&nbsp;

Jumamosi ya harusi Birindwa alipita Bagira asubuhi na Land Rover, amevaa abakosti mpya ya kahawia. Ndani ya gari kulikuwa na kreti za bia na wakubwa wawili wa ofisi yake.

"Ingia, Colette. Nitakupitisha nyuma. Na weye, shemeji, tuliisha kusema."

"Nitapanda na miguu," Adalbert akasema. "Na yeye atachagua."

Birindwa akacheka, akawaangalia wale wakubwa ili nao wacheke. "Mutoto achague nini? Udongo? Na robe nyeupe ya harusi?"

Colette akatazama gari, akamtazama baba yake. Akavua viatu vyake vyeupe, akavishika mkononi.

"Tonton, peleka bia," akamwambia mjomba wake. "Mi napanda na papa."

Chini ya kilima cha kanisa watu walikuwa wamejaa, kila mmoja ameshika viatu vyake. Akina mama wakainua gauni la Colette pande nne kama wanabeba maziwa. Ngazi za udongo zilikuwa zimechimbwa kwa majembe na wananchi wenyewe siku ya salongo, ile kazi ya umma ya lazima, nyingine fupi, nyingine za kimo cha goti. Adalbert hakuandika kitu siku ile, lakini habari ililetwa vilevile: *Utaanguka mbele ya wakwe.* Akaiuliza iliyaona wapi mambo hayo. Ikakosa la kusema, ikaendelea kumfuata nyuma lakini kwa mbali. Moyo ulikimbia. Aliuacha ukimbie.

Karibu na juu, pale njia ya nyuma inapokutana na ngazi, walikuta mtu amekaa chini kwenye nyasi, miguu mbele, abakosti ya kahawia imejaa tope mpaka mapajani. Birindwa. Esanse, petroli ya gari, ilikuwa imemwishia katikati ya njia ya nyuma, maana hata esanse ya service ilikuwa inaibiwa na wenye service. Wale wakubwa wawili walibaki kwenye gari kulinda bia. Yeye alikuwa ameamua kukata kilima mbio, mtu ambaye miaka sita hakuwa amepanda hata ngazi za ofisi yake bila kupumzika.

"Shemeji," akasema, uso wa majivu. "Moyo yangu. Iko nakimbia. Niko nakufa. Nishike."

Akina mama wakaanza kupiga mayowe. Mtu akasema aitwe gari. Mwingine akajibu gari gani?

Adalbert akachuchumaa. Kwa dakika moja aliona mkaratusi wa nne na mzigo wa unga. Kisha akaona tena mtu aliyekaa mbele yake, tope na vifungo.

"Citoyen Birindwa, docteur alikusikiliza siku gani?"

"Wacha citoyen... Ita Jean-Baptiste. Mwezi uliopita. Kwa ile karatasi ya service."

"Alisema nini?"

"Alisema iko muzuri. Tu tumbo njo nipunguze."

"Kifua inauma? Mukono?"

"Hapana. Inakimbia tu."

Adalbert akamfungua kile kifungo cha kidevuni, na cha pili. Shingo ilikuwa na mstari mwekundu. "Basi ni mulima, shemeji. Ulipanda mbio, nayo imepanda mbio. Ni kazi yake. Tazama mbele. Hapana kunishika. Ngoja, itacheza, itatulia."

"Na isipotulia?"

"Mi niko hapa. Tutaona pamoja."

Harusi nzima ikasimama kwenye ngazi, viatu mikononi, ikingoja moyo wa Birindwa. Kengele ya kanisa ikalia. Mzee wa Nyalukemba akachungulia kutoka juu, akauliza kama bibi harusi amebadili nia. Watu wakacheka, na Birindwa naye, bila kutaka, akacheka, na katika kucheka rangi ikamrudia.

"Imetulia," akasema kwa mshangao, kama mtoto.

"Yenyewe," Adalbert akasema.

Mlangoni mwa kanisa Colette akavaa viatu, akampa baba yake mkono. Aliunyoosha kwa mazoea ya mwaka mzima, kiwiko kimekazwa tayari kubeba. Adalbert akauchukua kwa vidole viwili tu. Colette akageuka akamtazama. Kisha kiwiko kikalegea, na wakaingia hivyo, mkono una uzito wa mkono, basi.

&nbsp;

Alirudi Bagira jua bado liko juu, peke yake kwa kutaka, na nyama ya kuchoma imefungwa kwenye jani la mgomba. Walimwambia alale Nyalukemba, akakataa. Jumatatu kuna balansi ya bucha, na kuku hawajui harusi.

Kwenye mkaratusi wa tatu alipita. Kwenye wa nne akatandika kitambaa chini, akakaa, akafungua jani.

"Amefika," akasema kwa sauti ya chini. "Robe haikuguswa na udongo hata kidogo. Kaka yako alipanda na miguu, ungemuona. Gari ya viti bado wanayo, ile sijasamehe. Lakini mutoto amefika."

Yule mama wa ndizi akaja akipanda, leo mkungu ni mdogo na mtoto amelala. Akamwona, akapunguza mwendo.

"Papa wa balansi! Na koti ya harusi! Umehamia muti ingine? Nikuitie mutu akuchukue?"

"Hapana, maman," Adalbert akasema, akimkatia kipande cha nyama. "Leo nimekaa sababu napenda. Kuya, kula."

Mama yule akatua mkungu, akakaa.